10⁹ + 7, 998,244,353 au 2⁶¹ − 1: uchague namba tasa ipi kwa programu yako?

Anayeshiriki mashindano ya kuandika programu, au anayesoma algoriti chuoni, hukutana na 1,000,000,007 mapema sana. Swali linamwambia atoe baki la jibu baada ya kugawa kwa namba hiyo, naye anatii. Swali likishataja namba, huna la kuchagua. Kazi huanza pale unapoandika programu yako mwenyewe na hakuna aliyekuchagulia. Wengi hunakili namba waliyoizoea, wakaendelea na mengine, na mara nyingi mambo huenda sawa. Siku yakiharibika huharibika kimyakimya: programu inakimbia, jibu linatoka, na jibu lenyewe ni la uongo.

Hapa naziweka kando kwa kando namba tasa tano ambazo waandishi wa programu huzitumia kama moduli, yaani namba ya kugawia ili ubaki na baki. Msimamo wangu nausema mapema: ukubwa ndiyo sifa ya mwisho kuitazama. Ukiiita namba tasa p, anza na namba inayoitangulia, p − 1, uone imeundwa na vigawo gani. Kisha pima kama hesabu zako zitaenea kwenye biti ulizo nazo.

Kuna jambo ambalo zote tano zinakupa sawasawa. Kila baki isipokuwa sifuri ina mwenzake ambaye ukizidisha naye unapata 1, kwa hiyo kugawanya kunawezekana. Kwa kanuni ya Fermat, mwenzake wa a ni a iliyopandishwa kipeo cha p − 2. Moduli isiyo tasa kama 2³² haikupi hilo: humo 2 haina mwenzake kabisa. Kwa sifa hii hakuna anayemzidi mwingine. Tofauti ziko hapa:

| Namba tasa | p − 1 ikivunjwa | Kipeuo cha pili cha 5 | Mahali pake |
|---|---|---|---|
| 10⁹ + 7 | 2 × 500,000,003 | hakipo | kuhesabu njia na michanganyiko |
| 10⁹ + 9 | 2³ × 3² × 7 × 109² × 167 | kipo | Fibonacci |
| 998,244,353 | 2²³ × 7 × 17 | hakipo | kuzidisha polinomiali |
| 2³¹ − 1 | 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331 | hakipo | kuzalisha namba za bahati nasibu |
| 2⁶¹ − 1 | 2 × (2⁶⁰ − 1) | kipo | hashi |

Nafasi kwenye mashine

Chukua baki mbili za 10⁹ + 7 uzijumlishe. Jumla kubwa kabisa ni 2,000,000,012, na namba kamili ya biti 32 yenye alama ya kujumlisha na kutoa inabeba hadi 2,147,483,647. Imeenea. Zizidishe: zao linazidi kidogo tu 10¹⁸, na biti 64 zinabeba takriban 9.22 × 10¹⁸. Kwa hiyo unaweza kukusanya mazao tisa kabla ya kulazimika kutafuta baki. Kwa anayezidisha matriki hii ni faida ya kweli, kwa sababu kugawa ndiyo hesabu inayoichelewesha prosesa kuliko kuzidisha na kujumlisha. 998,244,353 nayo inakupa tisa.

Sasa ilete 2³¹ − 1. Hii ndiyo 2,147,483,647 yenyewe, ukomo wa biti 32. Jumla ya baki zake mbili inafika karibu bilioni 4.29 na kufurika. Zao linafika 4.6 × 10¹⁸. Mawili yanaenea kwenye biti 64, la tatu linamwagika. Namba iliyoongezeka mara mbili tu imekushusha kutoka mazao tisa hadi mawili.

Wanaotumia JavaScript wawe macho zaidi. Namba zake za kawaida ni sahihi hadi 9,007,199,254,740,991, yaani 2⁵³ − 1, na zao la baki mbili za 10⁹ + 7 laweza kuwa na tarakimu 19. Tarakimu za mwisho zinapotea bila onyo lolote. Tumia BigInt, aina ya namba kamili isiyopoteza tarakimu. Python haina tatizo hili; yeye anakula muda tu.

2⁶¹ − 1 inahitaji biti 122 kwa zao moja. Kwenye C++ ya GCC kuna aina ya biti 128, na Java tangu toleo la 9 ina Math.multiplyHigh, inayokupa biti 64 za juu za zao. Lakini ukishapata zao, huhitaji kugawa. Kwa kuwa 2⁶¹ huacha baki 1, unakata zao vipande viwili, biti 61 za chini na zile za juu yake, unavijumlisha, na kama jumla imefika moduli unaitoa mara moja. Kwisha. Namba zote za umbo hili, zinazoitwa za Mersenne, zina urahisi huo.

Nani anaweza kuzidisha polinomiali

Hapa ndipo 998,244,353 inapowaacha wenzake mbali. Kuzidisha polinomiali mbili zenye vijenzi 500,000 kila moja kwa njia ya kawaida ni mazidisho bilioni 250. Mageuzi ya Fourier yakifanywa kwa baki badala ya desimali, yanazivunja polinomiali nusu kwa nusu kwa urefu wa 2²⁰, na kazi yote inashuka hadi mazidisho takriban milioni 33. Kwa njia ya kwanza mtumiaji atakata tamaa na kuondoka. Kwa ya pili hatajua hata kuwa kuna hesabu imefanyika.

Ila kila unapokata nusu unatumia 2 moja kutoka ndani ya p − 1. 998,244,352 ni 119 × 8,388,608, na 8,388,608 ni 2²³. Una mbili ishirini na tatu za kutumia, kwa hiyo matokeo yanaweza kuwa na urefu wa hadi 8,388,608. Kwa 10⁹ + 9 una mbili tatu tu, urefu wa 8. Kwa 10⁹ + 7 una moja: unakata mara moja umekwama. Namba za Mersenne nazo zina moja, siku zote, kwa sababu p − 1 yake ni mara mbili ya namba witiri. Hata ile kubwa kuliko zote zinazojulikana, 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, iliyotangazwa Oktoba 2024 ikiwa na tarakimu 41,024,320, ingekukwamisha palepale. Ukubwa haukusaidii chochote hapa.

Je, kama swali linataka 10⁹ + 7 na polinomiali ni lazima? Njia ipo, ila ina gharama. Unafanya zidisho mara tatu, kwa 998,244,353, kwa 167,772,161 ambayo ni 5 × 2²⁵ + 1, na kwa 469,762,049 ambayo ni 7 × 2²⁶ + 1, kisha unaunganisha baki tatu kwa kanuni ya baki ya Kichina. Zao la hizo tatu linazidi 7 × 10²⁵, kwa hiyo jibu halisi la mfano wetu, ambalo halifiki 10²⁴, linapatikana bila utata. Zote tatu zina sifa moja ya kupendeza: vipeo vya 3 vinazalisha baki zote isipokuwa sifuri, kwa hiyo msimbo wako hauhitaji kukumbuka namba tofauti kwa kila moja.

Mtu akiniuliza achague moduli moja ya kazi zake zote za kuhesabu, namwambia 998,244,353. Inafanya karibu kila kitu kinachofanywa na 10⁹ + 7, na mlango wa polinomiali unabaki wazi. Maktaba ya AtCoder, tovuti ya mashindano ya Japani, imeichukua hiyo kama chaguo la kawaida kwenye kuzidisha polinomiali.

Mapacha wasiofanana

10⁹ + 7 na 10⁹ + 9 ni namba tasa pacha: zimepishana kwa mbili. Ungetarajia zifanye kazi moja. Tazama hili:

383,008,016 × 383,008,016 = 146,695,140,320,256,256

Gawa kwa 1,000,000,009. Inaingia mara 146,695,139 na baki ni 5. Kwa hiyo katika dunia ya 10⁹ + 9, kipeuo cha pili cha 5 ni 383,008,016, namba kamili, haina desimali hata moja. Ile fomula ya Fibonacci (mfuatano wa 1, 1, 2, 3, 5, 8, kila neno likiwa jumla ya mawili yaliyolitangulia) yenye kipeuo cha 5 ndani yake, ambayo darasani huonekana kama pambo tu, hapa inageuka kuwa zana: neno la n la Fibonacci linapatikana kwa kupandisha vipeo viwili. Zaidi ya hapo, mfuatano wote unakuwa tofauti ya mifuatano miwili ya jiometri. Jumla za Fibonacci, jumla za mraba wake au za vipeo vyake vya tatu, zote zinafungwa kwa fomula fupi.

Kwa pacha wake, 10⁹ + 7, tafuta usiku kucha hutapata kipeuo hicho, hakipo. Unarudi kwenye matriki ya 2 kwa 2, ambayo haina ubaya wowote, ila ni ndefu zaidi.

Kujua mapema ni rahisi ajabu. Kwa namba tasa kubwa kuliko 5, tazama tarakimu ya mwisho. Ikiishia na 1 au 9, kipeuo cha 5 kipo. Ikiishia na 3 au 7, hakipo. Hilo linatoka kwenye kanuni ya wajibizano wa vipeuo ambayo Gauss aliithibitisha na kuichapisha mwaka 1801. 2⁶¹ − 1 ni 2,305,843,009,213,693,951. Inaishia na 1, kwa hiyo nayo inacho.

10⁹ + 7 ina fahari yake mwenyewe. p − 1 yake ni 2 × 500,000,003, na 500,000,003 nayo ni tasa. Maana yake, ukichukua baki yoyote isiyo 0, 1 wala p − 1 ukaanza kuipandisha vipeo, haitajirudia kabla ya hatua 500,000,003. Vipeo vya 2 vinaishia nusu hiyo. Vipeo vya 5 vinapita baki zote, na sababu ni uleule ukosefu wa kipeuo tulioulalamikia aya mbili zilizopita. Umuhimu wa mzunguko mrefu utauona sasa hivi.

Hashi: 256 inavyokuangusha

Hashi ni namba fupi inayosimama badala ya maandishi marefu, ili ulinganishe namba badala ya kulinganisha herufi moja moja. Njia iliyozoeleka ni kuipa kila herufi uzito kulingana na nafasi yake. Nafasi ya kwanza uzito ni 1, ya pili ni kizidisho fulani, ya tatu ni kizidisho hicho mara kizidisho, na kuendelea. Jumlisha, tafuta baki.

Mtu anayechagua kizidisho kwa mazoea hufikiria 256, kwa sababu baiti ina thamani 256. Akichagua na moduli 2⁶¹ − 1 kwa kuwa amesikia ni nzuri, ameingia shimoni. Ndani ya moduli hiyo 2⁶¹ ni 1, na 256 ni 2⁸, kwa hiyo 256 ikipandishwa kipeo cha 61 inarudi kuwa 1. Herufi ya kwanza na ya 62 zina uzito uleule. Zibadilishane nafasi, hashi haitajua. Kwa 2³¹ − 1 ni mbaya zaidi: uzito unajirudia kila baada ya herufi 31, yaani hata sentensi moja ya kawaida inaweza kukuumbua.

998,244,353 nayo ina vijishimo vyake, kwa kuwa p − 1 yake imejaa mbili. Namba 86,583,718 ikizidishwa kwa yenyewe inakuwa p − 1, na kipeo chake cha nne ni 1. Mwenye bahati mbaya ya kuichukua kama kizidisho atapata hashi moja kwa "kitabu" na "bitaku", kwa sababu herufi ya kwanza na ya tano zimebadilishana tu. Uwezekano wa kuiangukia kwa bahati nasibu ni mdogo sana. Kwa 10⁹ + 7, baki zenye mzunguko mfupi ni 1 na p − 1 pekee.

Je, basi hashi tumpe 10⁹ + 7? Hapana, na hapa ndipo ukubwa unapopata haki yake. Ukiwa na maandishi 37,000 hivi, uwezekano wa angalau mawili kugongana kwenye baki za 10⁹ + 7 umeshafika nusu. Ukiwa na 100,000, jozi ni karibu bilioni 5, na unatarajia migongano kama mitano. Kwa 2⁶¹ − 1 maandishi hayohayo 100,000 yanakupa uwezekano wa takriban mawili katika bilioni, iwapo hashi zimetawanyika vizuri.

Kizidisho kikichaguliwa kwa bahati nasibu programu inapoanza, hesabu inakupa dhamana isiyotegemea maandishi gani umeletewa. Maandishi mawili tofauti yenye herufi n yanaweza kugongana kwa vizidisho visivyozidi n − 1. Kwa herufi 100,000 na moduli 10⁹ + 7, hiyo ni nafasi moja katika 10,000 kwa kila jozi. Kwa 2⁶¹ − 1, ni moja katika trilioni 23.

Wapo wanaotumia mapacha wawili kwa pamoja, hashi mbili kwa kila andiko. Inafanya kazi, mapacha wakizidishwa ni kama 10¹⁸, na 2⁶¹ − 1 ni 2.3 × 10¹⁸. Lakini unalipa mazidisho mawili na magawanyo mawili pale ambapo 2⁶¹ − 1 inataka zidisho moja na kujumlisha. Nachukua 2⁶¹ − 1 yenye kizidisho cha bahati nasibu, na sioni sababu ya kurudi nyuma.

Kizidisho kisichobadilika ni mwaliko kwa mkorofi. Java hutumia 31 kwenye maandishi yake, na yeyote anaweza kukokotoa kwa kalamu kuwa "Aa" na "BB" zina hashi moja: 65 × 31 + 97 ni 2,112, na 66 × 31 + 66 ni 2,112. Python nayo, kwenye mashine za biti 64, hutafuta hashi ya namba kamili kwa moduli 2⁶¹ − 1. Andika hash(2**61 - 1) uone inavyokurudishia 0.

2³¹ − 1, mzee wa kazi

Mwaka 1772, akiwa St Petersburg na karibu kipofu kabisa, Euler alithibitisha kuwa namba hii ni tasa. Hakuhitaji kujaribu kila kigawo hadi 46,340. Alijua kuwa kigawo tasa chake lazima kiwe na umbo la 248k + 1 au 248k + 63, na hapo orodha inapungua hadi kuwa kitu cha kukalia mezani. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuwa huenda hakuna atakayehangaika kutafuta namba timilifu (iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo kuliko yenyewe) kubwa kuliko ile inayojengwa kwa 2³¹ − 1, kwa kuwa namba timilifu ni za kustaajabisha tu, hazina matumizi. Mrusi Pervushin aliithibitisha 2⁶¹ − 1 mwaka 1883. Leo zote mbili ziko kwenye programu unazotumia kila siku.

Kazi ambayo 2³¹ − 1 ilijulikana nayo ni kuzalisha namba za bahati nasibu kwa kuzidisha mara kwa mara kwa 16,807, yaani 7⁵. Vipeo vya 7 vinazalisha baki zote, na kwa kuwa 5 si kigawo cha p − 1, vya 7⁵ navyo vinazalisha zote. C++ bado inayo kwa jina la minstd_rand0. Kwa michezo midogo inatosha. Kwa utafiti mzunguko wa bilioni 2.1 unaisha haraka mno, kwa hiyo simpendekezei mtu.

Namba hiyohiyo ndiyo mwisho wa saa za kompyuta za biti 32 zinazohesabu sekunde tangu 1970. Itajaa Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Utasa wake hauna mchango wowote katika hilo.

Usalama

Hakuna hata moja kati ya hizi tano ya kufichia siri. Katika mbinu zinazotegemea moduli, siri mara nyingi ni kipeo. Kwa 10⁹ + 7, anayetaka kugundua kipeo ulichoficha anahitaji hatua kama elfu 32 kila upande kwa mbinu inayojulikana. Simu ya mkononi inamaliza kabla hujapepesa macho. Kwa 998,244,353 ni rahisi zaidi, kwani p − 1 yake ina vigawo vidogo vitupu. Kazi hiyo ina namba zake, kama 2²⁵⁵ − 19, ambayo Daniel Bernstein aliijengea Curve25519, mkunjo wa kihesabu wa kufichia siri unaotumika ndani ya WhatsApp. Tumia maktaba iliyokaguliwa, usiandike yako.

Kabla ya kunakili

Namba ya kunakili ipime kama ni tasa kweli. Kipimo cha Miller–Rabin kwa namba tasa kumi na mbili za kwanza, kuanzia 2 hadi 37, kinatoa jibu la uhakika kwa namba yoyote ya biti 64. Lakini kipimo hicho hakitakuokoa na mtego mmoja: kuna 998,244,353 na kuna 998,244,853. Tofauti ni tarakimu moja, na zote mbili ni tasa. Ya pili imewahi kutumika makusudi kwenye maswali ya mashindano. p − 1 yake ni 2² × 249,561,213, kwa hiyo mageuzi ya Fourier yatakwama ukishavuka urefu wa 4, na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Kama unazidisha polinomiali, weka sharti mwanzoni mwa programu: p − 1 ikigawanywa kwa 8,388,608 baki iwe sifuri, la sivyo programu isimame hapohapo.